Mfamasia na Kalenda ya Maji

Kidonge cha kabamazepini hakipatani na unyevu. Kikikaa siku nyingi kwenye hewa ya majimaji hukaza, na kikishakaza hakiyeyuki tumboni inavyotakiwa. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vidonge hivyo vikihifadhiwa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Sasa kichukue kidonge hicho kwenye dirisha la dawa Kibiti. Kihesabiwe kutoka kwenye kopo, kitiwe kwenye kibahasha, kipande bodaboda hadi Nyamisati, kishuke kwenye boti, kiingie ndani ya delta ya Rufiji mpaka Maparoni au Kiongoroni, kisha kikae mwezi mzima kimechomekwa kwenye makuti juu ya kitanda, nyumba imezungukwa na mikoko pande zote. Mgonjwa wa kifafa anameza asubuhi na jioni, hakosi, na bado anaanguka. Tabibu akisoma kadi ataona dozi haitoshi, ataiongeza. Mfamasia anayeijua kazi yake atauliza kwanza: "Mama, hizi dawa mnaziweka wapi?"

Wengi wetu tunamjua mfamasia kwa mkono tu: mkono unaotoka dirishani na bahasha, na sauti nyuma yake inayosema mbili mara tatu. Nyuma ya mkono huo kuna kazi isiyoonekana, na katika maradhi ya akili na kifafa kazi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya matibabu. Dozi ya malaria huisha kwa siku 3, mtu akaenda zake. Mwenye maradhi ya akili atameza dawa miaka, pengine maisha, tena dawa zinazomnenepesha, zinazomsinzisha, zinazomtetemesha mikono na kumkausha mdomo. Daktari humwona dakika chache kila baada ya mwezi au miezi. Siku zote nyingine anabaki peke yake na bahasha yake. Ninayetaka kumwandika hapa ni yule anayezifikiria siku hizo nyingine.

Kitaaluma huitwa mfamasia wa kliniki. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, wafamasia walitoka stoo wakapanda ghorofa ya 9, wakakaa wodini pamoja na madaktari, wakasoma mafaili ya wagonjwa na kubishana juu ya dozi. Huko ndiko wengi huanzia wakisimulia historia ya fani hiyo. Dar es Salaam ilianza kufundisha shahada ya famasia mwaka 1974, na leo Muhimbili ina shahada ya uzamili ya famasia ya hospitali na kliniki. Mwenye cheo hicho kamili utamkuta zaidi hospitali kubwa. Huku kwetu, kuanzia hospitali ya Mchukwi, na ya Utete ng'ambo ya mto, mpaka zahanati za ndani ya delta, ufundi huohuo hushikwa na yeyote aliye karibu na dawa: mfamasia, fundi sanifu dawa, muuguzi aliyeachiwa funguo za stoo. Wagonjwa huwaita wote dokta, na sioni sababu ya kuwasahihisha.

Ili kuelewa kwa nini dirisha lina uzito, ikumbukwe matibabu ya akili nchini yametoka wapi. Kwa miongo mingi jina lilikuwa moja, Mirembe, hospitali ya akili kule Dodoma. Miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu Morogoro na Kilimanjaro kuyashusha matibabu hayo hadi kwenye vituo vya afya na zahanati, mgonjwa atibiwe akiwa kwao. Ilikuwa hatua njema sana. Ila wodini kulikuwa na muuguzi aliyesimama mbele ya kitanda akahakikisha kidonge kimemezwa, na muuguzi huyo hakuhama pamoja na mgonjwa. Nafasi yake imechukuliwa na mama, dada, shangazi, mjomba. Dirishani ndipo ndugu huyo anapopewa mafunzo yake yote ya uuguzi, kwa dakika tatu, amesimama, foleni nyuma yake inakohoa.

Tazama basi mfamasia hodari anavyozitumia dakika hizo. Haanzi kwa kueleza. Anamwamkia, "Shikamoo bibi," anaitikiwa, kisha anasema: "Hebu nionyeshe unavyompa." Bibi anamwaga vidonge kiganjani: hivi vyeupe asubuhi, hiki cha rangi usiku, na hivi viwili akianza kusema peke yake. Hapo yote yako wazi. Vile viwili vya mwisho vilipaswa kumezwa kila siku, naye anavitoa kama tunavyotoa dawa ya maumivu ya kichwa, mpaka kiume. Hakuna cheti kingeonyesha kosa hilo. Nimewahi kusikia wataalamu wakililaumu kosa la namna hii kwa neno "ujinga". Bibi anafuata mantiki ya kila dawa nyingine aliyowahi kutumia maishani mwake, na mfamasia mzuri anaiona mantiki hiyo na kuanzia hapo.

Kuna sehemu moja ya ufundi huu ambayo kwa pwani naiona kuwa muhimu kuliko zote, nayo inahusu haloperidoli. Dawa hii ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 na Paul Janssen na wenzake, ni ya bei nafuu, na imetuliza vichwa vingi. Lakini katika siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, huweza kukaza misuli ghafla. Shingo inapinda upande mmoja. Taya linabana, ulimi unakwama. Macho yanapanda juu na kubaki hukohuko. Kijana ana fahamu zake zote, anasikia kila linalosemwa, na anaogopa mno. Katika nyumba ya pwani hali hiyo ina jina lake tayari: jini limempanda. Ataitwa fundi wa majini, kutachomwa ubani, kijana atapungwa. Fundi atasema pia, kama wanavyosema wengi, kwamba dawa ya hospitali inamkasirisha aliyemo ndani, iachwe. Inaachwa. Siku moja au mbili baadaye shingo inalegea, kwa sababu haloperidoli imepungua mwilini. Ushahidi wote uko upande wa fundi! Familia imeona kwa macho yake: dawa ilileta, kupunga kukaondoa. Wiki chache baadaye maradhi yenyewe yanarudi, na hakuna atakayekubali kurudi dirishani.

Sasa linganisha na maneno haya, yasiyochukua hata dakika moja, yakisemwa kabla bahasha haijatoka: "Mama, siku hizi za mwanzo unaweza kumwona shingo inakaza au macho yanapanda juu. Ukiona hivyo ujue ni dawa inafanya, na ina dawa yake ya kuituliza. Mlete hapo hapo, hata usiku." Benziheksoli, au sindano ya promethazini, hulegeza misuli hiyo upesi. Mama aliyeambiwa mapema huona jambo alilotabiriwa, na imani yake kwa dirisha inapanda badala ya kuporomoka. Mfamasia hajamtukana fundi wala kubishana na majini. Amewahi tu kulitaja jambo kabla halijapewa jina jingine.

Benziheksoli nayo ina hila zake. Huchangamsha, na wapo vijana wanaoitafuta kwa ajili hiyo tu, kwa hiyo huhesabiwa na kuandikwa kwenye leja, na mgonjwa asiyeihitaji tena huachishwa taratibu.

Ndugu wa tatizo la shingo ni lile la mgonjwa asiyeweza kutulia. Anakaa, anainuka, anatembea uani, anarudi, anakanyaga mguu huu na huu, usiku hakulaliki. Nyumbani wanasema ugonjwa umepanda. Tabibu mwenye haraka anaongeza haloperidoli. Kumbe haloperidoli ndiyo inayomsumbua, na kila kidonge cha ziada kinamsukuma zaidi. Kutofautisha wasiwasi wa maradhi na wasiwasi wa dawa kunahitaji sikio. Wa kwanza mara nyingi una maneno, una hofu ya mtu fulani au sauti fulani, wa pili mgonjwa huuelezea kwenye miguu: "Miguu yangu haitaki." Akiyasikia hayo, mfamasia anaacha dirisha na kwenda kumtafuta daktari, kumshauri dozi ipunguzwe au iongezwe propranololi. Kwenda kule ofisini, akiwa na cheti mkononi na maneno ya heshima, ni ufundi pia. Kumwambia mkubwa wako kazini kwamba alichoandika kimekosea, akakusikiliza, kisha kesho asikununie, hakufundishwi kwenye kitabu chochote cha famasia.

Delta ina saa yake yenyewe. Ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote pa pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na ndani yake hori zinazojaa na kupwa. Wagonjwa wengi huwekwa kwenye sindano ya kukaa muda mrefu, flufenazini dekanoeti, inayodungwa kwenye nyama na kuachia dawa kidogo kidogo. (Kwa kawaida huyeyushwa katika mafuta ya ufuta, mkulima wa Kibiti anayeuza ufuta wake mnadani huenda hajui kwamba mafuta ya zao kama lake yamo kwenye sindano ya mwanawe.) Kadi husema arudi baada ya siku 28. Maji ya delta hayahesabu 28. Yanafuata mwezi, na mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katikati ni maji mafu, na baadhi ya hori za ndani hazijai vya kutosha kupitisha chombo kwa urahisi. Aliyeanza sindano siku nzuri ya bamvua, tarehe yake inateleza siku moja au mbili kila mzunguko. Baada ya mizunguko mitano imeteleza wiki nzima, imeangukia maji mafu. Haji. Kwenye rejista anaandikwa mtoro.

Mfamasia anayejua sindano ile inavyokwisha mwilini anajua pia kwamba haina ugomvi na siku moja au mbili. Atakubaliana na daktari, kisha atamuuliza mgonjwa maji ya kwao yanakuwaje, na tarehe itaandikwa kwa kufuata mwezi. Hakuna mwongozo unaomwamuru afanye hivyo. Anaijua dawa na anaijua hori, basi.

Ukipanda mto huu hadi chanzo chake utakuta mfano wa zamani wa uvumilivu wa namna hii. Rufiji inaanzia pale Kilombero inapokutana na Luwegu, na katikati ya mito hiyo miwili kuna milima ya Mahenge. Huko ndiko Helen Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei, alikoanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, kwa watu waliokuwa wakikimbiwa na majirani zao kwa hofu ya kuambukizwa kwa mate. Silaha yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, dawa ambayo uwezo wake wa kuzuia kifafa ulijulikana tangu 1912. Madaktari wa miji mikubwa huiona ya kizamani. Mimi nadhani waliobuni dawa mpya hawakuwahi kusubiri boti Nyamisati. Fenobabitoni humezwa mara moja tu, usiku, na hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo usiku mmoja uliokosekana hauangushi mtu. Ila ina sharti: isikatwe ghafla. Ikikatwa baada ya miezi ya matumizi, degedege huweza kuja mfululizo na kuua.

Hapo ndipo hesabu za stoo zinapogeuka kuwa tiba. Mfamasia anayejaza maombi ya Bohari ya Dawa anaandika tarakimu, na mojawapo ni ya fenobabitoni. Akiandika ndogo, mzunguko mzima wa maagizo utapita watu wakiwa hatarini. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Nyumba ikiingia maji, bahasha ya dawa haina thamani ya kuokolewa mbele ya mtoto na gunia la mpunga. Anayekuja baada ya mafuriko hana kadi, hana bahasha, hakumbuki miligramu. Anakumbuka "zile ndogo nyeupe za usiku". Leja iliyoandikwa vizuri ndiyo itakayomtambua.

Malaria haiwezi kuachwa nje katika eneo hili. Kabamazepini na fenobabitoni zote mbili huliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, na ini likiamka huiunguza dawa mseto ya malaria kabla haijamaliza wadudu. Huiunguza pia homoni ya kijiti cha uzazi wa mpango, mama akashika mimba akiwa na kijiti mkononi. Huipunguza dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo kwa mtu anayetumia kabamazepini hubidi imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja. Dawa hizi hutolewa kwenye vyumba tofauti, kwa kadi tofauti, na watu tofauti: huku kliniki ya akili, kule ya wanaoishi na VVU, kule ya mama na mtoto. Mahali pekee zinapokutana ni kwenye mkoba wa mgonjwa, na mtu wa kwanza kuuangalia mkoba wote ni wa dirishani. Akiona kijiti na kabamazepini kwa mwanamke mmoja, anamrudisha kliniki akapate njia nyingine. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi hivyo. Akitoa dawa mseto anasema imezwe baada ya chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini iliyomo hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta. Pwani agizo hilo ni jepesi. "Imeze baada ya wali wa nazi."

Mwezi wa Shabani, unaotangulia Ramadhani, una kazi yake. Wagonjwa wengi wa huku ni Waislamu, na ingawa dini imewaruhusu wagonjwa kutofunga, wapo wasiotaka kuachwa nyuma wenzao wakifunga. Ukiwakataza watafunga kimya kimya na kupanga dozi wenyewe. Mfamasia mwenye busara huwahi kuuliza. Fenobabitoni haina tatizo. Kabamazepini ya mara mbili huhamishiwa futari na daku, saa tisa na nusu hivi upande mmoja na kumi na nne na nusu upande wa pili, si sawasawa lakini wengi huvuka salama. Lithiamu ni habari nyingine kabisa: mwili ukikauka, kiwango chake kwenye damu hupanda kuelekea sumu. Hata nje ya Ramadhani dawa hiyo hutaka kipimo cha damu mara kwa mara, na diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa muhimu kwa ajili ya kiuno inatosha kuivuruga. Kwa mvuvi anayeshinda juani, mbali na maabara, mfamasia atasema haifai, hata kama ndiyo bora vitabuni. Nawaheshimu sana watu wanaojua kukataa kitu kizuri.

Kukataa kwingine ni kugumu zaidi. Kibiti ilipitia kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Aprili 2017 polisi 8 waliuawa siku moja. Baada ya mambo kama hayo watu hawalali, na diazepamu humlaza mtu usiku uleule wa kwanza anapoimeza. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana ni hatari: wiki chache baadaye usingizi wenyewe haupo bila kidonge, na hofu iko palepale. Kumnyima mjane aliyekuja mara ya nne, ukampa chache zinazopungua wiki hadi wiki na kumtuma kwa mtu wa kuzungumza naye, kunataka moyo.

Imebaki amitriptilini. Hutolewa kwa sonona, ni nafuu, inapatikana, husaidia na usingizi. Lakini ikizidi haisamehe, na sonona ndiyo hali ambamo mtu huwaza kuizidisha dawa. Kanuni ya mjini ni kumpa chache, arudi kila wiki. Kwa mtu wa Mbwera kila wiki ni nauli ya boti, siku ya shamba, na kalenda ya maji kama tulivyoona. Ukimpa za miezi miwili umemrahisishia matibabu na umemwachia hatari chini ya mto. Mfamasia hana jibu moja la wote. Anamuuliza mgonjwa waziwazi kama mawazo ya kujidhuru yanamjia, bila kushusha sauti wala kupepesa macho, kwa kuwa kuuliza hakupandikizi wazo. Jibu likiwa ndiyo, halali nyumbani siku hiyo. Likiwa hapana, anamwita shangazi aliyemsindikiza, anamkabidhi bahasha ya mwezi aitunze yeye, na kumwekea mgonjwa vidonge saba kwenye bahasha yake. Jumamosi shangazi atahesabu vilivyobaki kabla ya kutoa saba vingine. Namba ya simu ya kituo imeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha kubwa, na chini yake, kwa herufi za kuchapa ili shangazi asome bila miwani: VIKIPUNGUA, PIGA.